Nilimwita Mama Ambulensi

Shangazi Awino mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana mdomo wangu umeniponza. Mimi ni Mkenya wa ughaibuni, naishi Germantown, kazi yangu iko Springfield. Mwaka jana chama chetu cha Wakenya wa huku kilichagua mwenyekiti, na nesi mmoja, Jepkosgei, akagombea kwa ahadi moja tu, kwamba kila nyumba ibandike kwenye friji karatasi ya magonjwa ya kila mtu, dawa anazotumia na zinazomdhuru, ili wa ambulensi wakija waione, na hata fomu akatugawia, watu wakasema anatuitia magonjwa, na mimi ndiye niliyembatiza Mama Ambulensi, ukumbi mzima ukacheka, tukanyoosha mikono, akapata kumi na mmoja, mwenzake themanini. Sasa mwezi uliopita mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Eldoret na hajui Kiingereza, akaanguka jikoni, mimi nimekwama barabarani, mke wangu Adela yuko kazini, jirani akaita ambulensi, na waliokuja wakakuta ile fomu kwenye friji, Adela aliijaza na kuibandika nikiwa sina habari, wakajua mama ana sukari na sindano gani wasimdunge. Mama yu mzima, Shangazi, anasonga ugali na kunigombeza! Nimelia kwa furaha. Lakini tangu habari zienee, chama kizima kinaapa kilimchagua Jepkosgei, na nilipokutana naye kanisani nikaropoka, "Sista, mimi pia nilikuvotia, honest." Akatabasamu tu, "Asante, Dunstan." Jumapili anakuja kumwona mama. Akijua, nitauficha wapi uso wangu?

Dunstan

Dunstan, pole, na hongera kwa mama. Mgonjwa akianza kugombeza watu, huyo amepona.

Sasa nikugombeze na mimi. Kura kumi na moja zimezaana lini mpaka zikajaza chama kizima? Na eti akijua! Si umesema mlinyoosha mikono? Mgombea alikuwa wapi, chini ya meza? Alisimama mbele yenu akiwatazama, na mikono kumi na mmoja haimshindi nesi kuhesabu. Anajua, kaka. Alijua alipokuambia asante, na bado anakuja kumwona mama yako.

Kwa hiyo pumua, huna siri ya kulinda. Jumapili mfungulie mlango wewe mwenyewe, na kabla chai haijamiminwa mwambie hukumchagua, na lile jina ulilitunga wewe, akusamehe. Usiongeze hadithi. Jina ulilitoa mbele ya watu, basi mkutano ujao simama ulifute mbele ya watu hao hao. Akigombea tena, kaa kiti cha mbele.

Halafu muulize Adela mkono wake ulikuwa wapi siku ile ya kura. Naona ulikuwa unacheka sana, hukugeuka kumtazama.