Msalaba Umelala

Shoga, nimeumbuka karakanani leo. Nimeumbuka!

Yule binti, fundi mpya wa bunduki, anayesifiwa na bosi kutwa kucha, kafunga darubini juu ya bunduki. Nikachungulia. Ule msalaba wa ndani, wa kulengea, umelala upande! Nilifurahi huyo! Nikamwita bosi mbele ya wote: "Njoo uone kazi ya kipenzi chako."

Binti hata hakubisha. Kaibana bunduki mezani, kaisawazisha kwa pimamaji, kaning'iniza timazi ukutani, ule uzi wenye uzito unaonyooka wima. Nikachungulia tena: msalaba na uzi, sawasawa!

"Dada, ni wewe unayelaza kichwa ukilenga." Eti mimi!

Bosi akaenda kabatini, akatoa bunduki tano nilizozifungia darubini mimi, kwa kukadiria na jicho langu tu.

Zikapimwa kwa uzi uleule: zimelala zote. Zote, shoga!

Binti kazirekebisha moja moja, taratibu. Kinachoniua ni kwamba hata hakunicheka.