Fomu ya Mama Koti

Jumanne, 4 Februari

Siku ya kwanza kituoni. Mama anasema tangu nimalize shule nimekuwa kama kiti cha sebuleni, nitoke nikasaidie watu. Haya, nimetoka. Kituo ni ukumbi mmoja, mabafu mawili na meza ya chai. Wanaolala nje huja asubuhi kuoga, kisha tunakaa nao kujaza fomu. Juu imeandikwa: Lengo langu ni… halafu mstari mmoja tu. Msimamizi anasema kila fomu ina mfadhili mmoja, na mshika mbili moja humponyoka.

Nilipewa mama mmoja anayevaa koti zito hata jua likiwaka. Wenzake wanamwita Mama Koti. Nikamsomea swali. Akanyamaza, akatazama dirisha. Kumuuliza tena nikaona aibu – mtu mzima, sawa na shangazi yangu. Wote waliotangulia walisema chumba. Nikaandika chumba. Akatia sahihi bila kusoma.

Alhamisi, 13 Februari

Mama Koti kaniuliza kama najua alama za barabarani. Nikasema kidogo.

"Kidogo ndiyo inayoua watu, mwanangu."

Anataka leseni. Ya lori! Alikuwa utingo wa marehemu mumewe miaka tisa, akipanga mizigo na kubadilisha magurudumu, ila usukani hakuachiwa hata siku moja. Tumechora alama kwenye maboksi ya sabuni tukaulizana. Alikosea mbili. Mimi nne.

Kisha nikakumbuka nilichoandika kwenye fomu. Chai ikanishinda. Sikumwambia.

Jumatatu, 3 Machi

Chumba cha Mama Koti kimepatikana. Miezi mitatu bure, kitanda, mlango wenye kufuli. Ukumbi mzima ulipiga makofi, isipokuwa yeye. Alinivuta hadi kwenye masinki.

"Nani alisema chumba?"

Nikamwambia ni mimi. Nilidhani atafoka. Akawa anazungusha kifungo cha koti. Akauliza: miezi mitatu, halafu? Akishapata leseni atajipangia chumba mwenyewe. Bila leseni atarudi kulala barazani kulekule. Kisha akasema mvua nazo zinakuja, na kifua chake hakipendi baridi.

Mzee aliyekuwa ananyoa ndevu pembeni akadakia, "Chukua chumba, dada. Lori utaliegesha chini ya kitanda."

"Wewe nyoa kidevu chako, maisha yangu niachie."

Nyumbani nilimweleza mama. Akasema kosa la kalamu hurekebishwa kwa mdomo. Mdomo ndio sina.

Jumanne, 4 Machi

Nimesema. Kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote, sauti kama ya mbu. Nikasema neno lile ni langu, Mama Koti hakulitamka, mimi sikumngoja. Msimamizi akavua miwani. Hakunigombeza – afadhali angenigombeza. Akasema mfadhili hawezi kulipia chumba na shule ya udereva pamoja. Jibu litolewe kabla ya saa sita mchana, la sivyo chumba anapewa anayefuata. Akanipa fomu mpya.

Sasa tumekaa ukumbini, mimi na Mama Koti. Nimemsomea swali. Kanyamaza kama siku ile. Nikauliza tena, "Wewe mwenyewe unataka nini, mama?"

Akanirudishia swali: ningekuwa yeye ningechagua nini? Nikasema sijui, si mimi nitakayelala nje. Akacheka kidogo. "Angalau leo umesema kweli."

Mawingu yamefunga upande wote wa dirisha. Msimamizi amechungulia mara mbili mlangoni, nami nimetikisa kichwa – bado. Mama Koti kafumba macho, lakini halali, vidole vinatembea juu ya meza. Saa tano na dakika arobaini. Naandika humu ili mkono wangu usiguse ile fomu.