Sanduku Kuukuu la Mita

Jumatatu, 5 Mei
Nyumba kumi na saba! Zote zimetia sahihi karatasi ya kukataa mita janja. Nimegonga milango mwenyewe, na mgongo huu mgonjwa. Shirika la umeme limesema ni hiari, basi tuone hiari yenyewe. Eti mita ipeleke habari kwenye simu ya mteja, kila saa unayopika na unayopiga pasi! Mwalimu Mstaafu, jirani yetu, kasema nyumba husitiri mambo, sasa hawa wanataka kutoboa ukuta. Tumecheka. Wa kwanza kutia sahihi — Baba Watoto wangu. Nilijisikia raha.

Alhamisi, 8 Mei
Ajabu. Tangu nitoke hospitali daktari kanikataza kushona mwezi mzima. Sawa, na sare za kwaya zitajishona? Leo Baba Watoto alipokwenda kazini nikawasha cherehani, kisha pasi. Saa kumi nikaficha kila kitu, nikajilaza. Karudi, hata viatu hajavua: mbona umepiga pasi mchana kutwa? Nikamuuliza kajuaje. Eti harufu. Harufu gani! Madirisha yote yalikuwa wazi.

Ijumaa, 9 Mei
Sikupata usingizi. Asubuhi nimekuta ufunguo kwenye koti lake, nikafungua sanduku la mita kando ya mlango wa jikoni. Nje kutu ile ile, na kibandiko alichobandika binti yetu akiwa mdogo. Ndani — mpya! Inameremeta, inanikonyeza kwa taa nyekundu. Na kadi ya fundi: mita imefungwa siku ya pili tangu nilazwe. Mteja ameridhia. Sahihi ya mume wangu, ile yenye mkia mrefu.

Kisha akaja kutia sahihi karatasi yangu ya kukataa. Bila haya!

Nimekaa sakafuni sijui muda gani. Miaka ishirini na mbili. Angesema tu anaitaka, tungegombana, tungenuniana siku mbili, yangekwisha. Kikulacho ki nguoni mwako — na nguo zenyewe nafua mimi.

Nikatoa pasi ya mkaa ya marehemu mama. Cherehani nikaichomoa umeme, nikairudishia mkanda, nikakanyaga kwa miguu mpaka alasiri. Mgongo unawaka moto. Saa tisa ukaingia ujumbe wake: leo umepumzika kweli, mke wangu, safi sana.

Jumamosi, 10 Mei
Majirani wamejaa sebuleni. Naandika haraka, chumbani — nimewaambia nafuata miwani. Mwalimu Mstaafu anataka kila karatasi iende na picha ya mita ya zamani. Aanze na yangu, kasema, maana mimi ndiye niliyewaongoza. Wameshasogea mlango wa jikoni.

Baba Watoto kanifuata huku; ufunguo kaukosa kwenye koti lake, kajua nimeona. Ananong'ona: sema ufunguo umepotea, Mama Watoto, nakuomba. Nilifanya kwa ajili ya mgongo wako. Namhurumia, na sitaki kumhurumia.

Ufunguo ninao mfukoni. Mwalimu anaita — vipi, miwani imeonekana?

Nimeivaa tangu asubuhi.