Baiskeli Iliyopotosha Kibla

Mjukuu wangu Zubeda,

Asalaam aleikum. Huku Koboko hatujambo. Karanga zimekomaa na mbuzi wako amezaa mapacha. Umeniuliza kama fizikia itakutoa kwenye dini. Nimecheka mpaka babu yako akatoka nje kunitazama!

Tuliporudi kutoka ukimbizini Zaire tulijenga msikiti upya. Ili apate kibla, Sheikh aliweka dira ya jeshi juu ya kigoda, baiskeli yake imeegemea hapo hapo. Wanaume wakashika majembe. Mimi, msichana wa sekondari, nilikuwa nimewaletea maji tu. Nikaona chuma kile chote kando ya dira, na kwenye fizikia tulifundishwa kwamba chuma huvuta sindano yake! Nikasema, "Sheikh, hii dira iko nadanganya. Toa baiskeli kwanza."

Sheikh akaiondoa. Sindano ikageuka! Akairudisha, ikapotoka tena. Akarudia mara tano, akicheka kama mtoto: "Allahu akbar! Allahu akbar!" Kisha akanipa kamba ya kupimia msingi. "Binti, shika wewe. Sisi nafuata."

Ukija Idi, tazama ukuta ule wa mbele wa msikiti. Kila anayesali pale anaelekea nilikosimama na kamba yangu.

Bibi yako,
Halima