Lori la Samaki na Maji ya Zaka

Bibi, mke wangu wa Ifunda,

Kamwene. Kwanza nikukumbushe ni mjukuu gani aliyekuoa. Kuanzia Ruaha Mbuyuni mpaka Tunduma hakuna kiumbe anayejua Kikorea kunizidi. Wakorea wenyewe wakibishania neno wangenipigia simu, basi tu namba yangu hawana. Kihindi nakijua. Kichina nakijua. Kituruki nilikijua ndani ya wiki moja, tena nikiwa na malaria. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme yenyewe ndiyo iliyoniacha, na mpaka leo inajuta.

Hapo ungekuwepo ungesema, "Haya, Mnyakyusa wangu, ndizi zimeisha, sasa unakula sifa." Nimekuachia nafasi useme.

Nimechoka, mke wangu. Mwili haujachoka, mwili unakaa kutwa kwenye kiti pale Mwanjelwa, kwenye kibanda changu cha kuwawekea watu filamu kwenye flashi. Nimechoka mdomo. Watu wanakuja, "Gwamaka, hii inahusu nini?" Zamani ningewaeleza mpaka wasahau kilichowaleta. Siku hizi nasema, "Inahusu watu," nachomeka flashi, naendelea kutazama barabara. Mteja mmoja ameniuliza kama nimeokoka.

Huko nyumbani kwako, Mama amehamishia kuku kwa mama mdogo. Jogoo wako yule mkorofi amekataa kuhama, kila asubuhi anarudi kuwika mbele ya mlango uliofungwa. Mianzi imegemwa, na ulanzi wa msimu huu wanasema ni mtamu. Sijauonja. Runinga na deki vimefunikwa na kile kitenge chako cha njano, kama vile navyo vimefiwa.

Nilipokiona kile kitenge ndipo nikajua lazima nikuandikie kuhusu ile filamu. Ile ya lori la samaki. Iko ya Wakorea, ambayo ndiyo ya asili. Iko ile waliyoirudia wenzetu wa Dar kwa Kiswahili. Na katikati iko ya kwangu, niliyokusimulia wewe. Nataka nizilinganishe zote tatu kama mtu mwenye digrii. Usinicheke.

Unakumbuka tulivyoanza. Macho yako yalishaingiwa na mtoto wa jicho, unaona mwanga tu na kivuli cha mtu, lakini ukasema hukubali kufa bila kujua wezi wa nchi za watu wanaibaje. Basi kila nikija Ifunda, Jumapili baada ya misa, tunakaa sebuleni, wewe na kikombe chako, mimi na rimoti, picha inakwenda na mimi nasema. Kama wale jamaa wa vibanda vya video wanaoshika maikrofoni na kumpa kila Mchina jina la mtaani. Ila wewe ulikuwa mteja mgumu. Mtu asiye na ukoo ulikuwa humtaki.

"Huyo polisi ni wa kwa nani?"

Nikasema ni Kalinga.

"Kalinga wa wapi?"

Bibi, mtu yuko Korea! Nikakwambia wa Tosamaganga, ndipo ukamruhusu aendelee na upelelezi. Mbwa wa polisi alipopita nikakwambia, "Mhehe, meza mate, huyo yuko kazini, si kitoweo." Ukanitupia kandambili. Kwa mtu asiyeona, ulikuwa na shabaha ya ajabu.

Akaja dereva wa lori la samaki. Ukauliza anaitwa nani, na mimi, kwa kutaka ucheke, nikasema, "Zaka."

Hukucheka.

Mjomba Zaka, kitindamimba wako, aliondoka kwenda Chunya kuchimba dhahabu nikiwa darasa la tatu. Hakurudi, hakupiga simu, na hakuna aliyeleta habari kwamba amekufa. Kwa hiyo hapakuwa na kaburi wala matanga. Palikuwa na sufuria. Kila jioni chakula kikishaiva ulibandika maji ya kuoga kwenye makaa yaliyobaki, kwa sababu mtu akitoka safari akaingia Ifunda na baridi ile hawezi kujimwagia maji ya bomba. Tukiuliza ni ya nani, unasema, "Ya mgeni." Mama alikuwa anageuza uso. Wote tulimjua mgeni.

Ningeweza kulifuta lile jina. Ningesema, samahani Bibi, nimekosea, huyu anaitwa Juma. Lakini ulikuwa umeshaweka kikombe chini, umenishika mkono. "Endelea. Zaka anafanya nini?"

Basi Zaka akaendesha. Na mpaka hapo, naapa, nilikuwa pamoja na Wakorea, sikuongeza kitu ila chumvi. Zaka anapakiziwa mzigo wa wizi chini ya barafu na samaki, naye hajui. Anapokuja kujua ameshachelewa, anakimbia. Kalinga anamtafuta, lakini Kalinga si mjinga. Anajua mwanamume akiishiwa pa kukimbilia atarudi kwa mama yake. Na mama yake Zaka ni mama ntilie. Kwa hiyo Kalinga anakwenda kula pale kila siku, anakaa meza ileile, anaangalia mlango. Mama anajua kwamba huyu anayemlisha anamvizia mwanawe. Na anamlisha. Anamwongezea mchuzi. Hapo ulisema, "Huyo mama ni wa kwetu kabisa, wasitudanganye ni Mkorea."

Na mwisho wake, nilivyokusimulia, Zaka alirudi. Mlango ukafunguka, Kalinga akamwona, akageukia ukutani kama mtu asiyeona kitu. Mama akasema tu, "Maji yako tayari."

Uliifuta pua yako kwa ncha ya kitenge. Tangu siku hiyo kila nikija, hata runinga hatujawasha, unaniambia, "Mume wangu, nirudishie pale anapofika." Narudisha. Mara nyingine nikamvika koti jipya. Mara nyingine akaja na zawadi ya sukari.

Halafu ikatoka ya Dar. Nianze na sifa zake, nisionekane nina wivu. Lori lao ni la nyanya, na hilo nimelipenda. Wamepiga picha Kitonga, zile kona zote na ule ukungu, unasikia harufu ya breki mpaka kwenye kiti ulichokalia. Lakini, Bibi! Wakorea wana mvua nusu saa nzima na hakuna anayefungua mdomo. Wenzetu hawakuwa na mvua, pengo lake wakalijaza maneno. Polisi wao anavaa miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba, sijui anapeleleza nini mle gizani. Mama ntilie wao ana kucha nyekundu ndefu hivi, ugali anausonga na nini, Mungu ndiye anajua. Yule wa Kikorea akimwekea polisi bakuli, anatupia jicho mlangoni, basi, umeshaelewa yote. Wa kwetu anatugeukia na kusema, "Ninamlisha adui wa mwanangu!" Kama vile sisi wote tuna mtoto wa jicho.

Na mwisho wao, dereva anapigwa risasi palepale mlangoni. Mama analia. Jeneza. Kwaya. Kaburi. Halafu maandishi makubwa: MWISHO WA UBAYA NI AIBU. Wamefunga kila mlango, hata dirisha hawakuacha.

Wewe hiyo uliisikiliza kwa Mama Konso, jirani yako, na akina mama wote wa jumuiya, na safari hii ilikuwa Kiswahili, hukumhitaji mfasiri. Mama alinieleza ilivyokuwa. Dereva alipoanza kukimbia na watu wakashika vifua, ukawatuliza. "Msihofu, atarudi. Mume wangu aliiona ile yenyewe." Risasi ikalia, ukasema, "Subirini." Kwaya ikaanza, ukasema, "Subirini kidogo." Mpaka majina yakapita na muziki ukakatika. Mmoja akacheka, wala si kwa ubaya, "Bibi, huyu si ameshazikwa!"

Wao walimwona dereva wa nyanya. Wewe ulisikia Zaka akizikwa mbele ya majirani, kwa kwaya, na mtu akacheka. Mama anasema ulirudi nyumbani ukipapasa ua, hukutaka kushikwa mkono. Na jioni ile hukubandika maji.

Asubuhi ukanipigia. Hata salamu hukutoa. "Mume wangu. Hawa wamekosea, au wewe ulinidanganya?"

Nikajibu bila kuvuta pumzi, "Wamekosea, Bibi! Hao kazi yao kuharibu. Nitakuja na ile ya Wakorea, niwakalishe wote palepale kwa Mama Konso, waone wenyewe."

Ukacheka. Jioni maji yakarudi jikoni. Na kuanzia hapo, kila jumuiya ikikutana, unawaambia, "Mume wangu anakuja na ya asili. Mtaniomba msamaha."

Sasa sikiliza, na kandambili iache ilipo. Siku ile ya kwanza CD ilikwama. Zilikuwa zimebaki kama dakika ishirini. Uso wa Kalinga uliganda kwenye kioo, kijiko kikiwa nusu mdomoni. Chini yake, penye ile tafsiri ninayoiibia siku zote, kulikuwa na neno moja la Kiingereza ambalo hata wa kidato cha pili analijua: subiri. Ningesema, Bibi, imekwama. Sasa fundi mkubwa kama mimi nikwambie imekwama? Nikaibana sauti ya runinga, nikakusimulia dakika ishirini nzima nikitazama kijiko. Yule Zaka aliyefungua mlango hakutoka Korea. Alitoka mdomoni mwangu. Na nilipokwambia Dar wamekosea, sikuwa najua nani kakosea.

Niliitafuta baadaye. Nikaipata nzima, safi, nikaiangalia mchana kibandani, mlango nimeurudishia. Zile dakika ishirini, mke wangu, hazina neno hata moja. Mfasiri mkuu wa Nyanda za Juu hana kazi.

Kalinga anamaliza kula. Anasubiri. Mvua inakatika. Anavaa koti, anainamisha kichwa kwa yule mama, anaondoka. Mama anafuta meza. Halafu anabandika sufuria ya maji. Si ya chai, Bibi, ni sufuria kubwa, na pembeni kuna taulo limekunjwa. Anakaa. Maji yanachemka, yanapungua. Anainuka, anaongeza mengine. Anakaa tena, anatazama upande wa mlango, na mlango wenyewe hatuonyeshwi. Kioo kinakuwa cheusi, maji bado yanasikika.

Basi. Hakurudi, hakufa. Hakuna kaburi, hakuna kwaya.

Niliirudia mara nne. Wale watu hawajawahi kukanyaga Ifunda. Sijui nani aliwaambia.

Dar walikosea. Na mimi nilikosea. Aliyepatia ni wewe, ambaye hukuiona. Ningekushika mkono nikakwambia, "Bibi, anaongeza maji," ungeelewa bila tafsiri, na mbele ya wale wote usingekuwa kikongwe anayechekwa.

Siku ya mazishi Mama Konso alinishika bega palepale makaburini. "Baba, na ile ya Wakorea umekuja nayo? Marehemu aliisema mpaka siku ya mwisho." Nikamwambia bado naitafuta.

Jumapili ijayo napanda basi. Nitakitoa kitenge kwenye runinga yako, nitaibeba, hata kama ya kwake anayo, mpaka kwa Mama Konso, niwakalishe wote kama nilivyokuahidi. Nitaanza kwa kuwaambia ya kijiko. Wakitaka kucheka, safari hii wanicheke mimi. Tukifika zile dakika ishirini nitafunga mdomo, nakuahidi, hata Mama akiniuliza. Halafu nitarudi kwako niwashe makaa, nibandike sufuria. Jogoo atakuwa shahidi.

Pumzika, mke wangu. Kama Mjomba yuko huko, mkaribishe, umwambie tulimtunzia maji. Kama hayupo, basi bado yuko njiani.

Nimebakisha jambo moja, na mdomo umechoka kulizunguka. Mama Konso nilimdanganya. Filamu nilikuwa nayo, kwenye flashi, mfukoni, wiki tatu kabla hujafa. Mabasi ya Iringa yanapita mbele ya kibanda changu kila asubuhi, nayatazama. Sikupanda hata moja, kwa sababu ningekuja ingebidi nikwambie CD ilikwama.

Mume wako,
Gwamaka