Nafasi za Watoto Kaburini

Lyon, 3 Juni

Kaka Naivo, mdogo wako nakusalimu.

Mchele mwekundu uliotuma umefika. Niliupika jana, watoto wakaula na jibini. Hatujambo, ila baridi imekataa kuondoka.

Unasema Agosti mnafungua kaburi letu la ukoo huko nyumbani Antsirabe kuwavika wazee sanda mpya, na niwalete watoto wambebe Baba mabegani na kumchezea ngoma, kama desturi yetu. Niliwaambia. Tojo akacheka: "Tucheze ngoma na mifupa ya babu? Polisi wanajua?" Dada yake Mialy hakucheka. Akaniuliza, "Na wewe ukifa, nani atakubadilishia sanda? Mimi siwezi, Mama. Samahani."

Huyo nilimzaa Antsirabe, akaota meno Komoro, akajua kusoma Reunion, na hapa amejifunza kukataa kwa adabu. Simlaumu mtu. Kila tulipohama, mizigo niliifunga mwenyewe.

Sanda ya Baba nimeshanunua, ya hariri. Nitakuja nayo peke yangu. Fundi akija kupanua kaburi, usiwatengee watoto nafasi. Yangu niwekee kule nyuma kabisa, penye giza, ili mkifungua tena watu wasione sanda yangu ilivyochakaa.

Wako,
Voahirana