Ua Lililotazama Juu

Jumatatu, 3 Novemba

Maji niliyoogea yamekwenda kwenye mti wangu wa maua ya tarumbeta kama kawaida. Beseni asubuhi, beseni jioni. Mfereji haujatoa tone tangu Alhamisi. Mti huu ni wa baridi, niliununua Wundanyi, na hapa Kaloleni, Voi, unaishi kwa ubishi tu.

Mama alinitazama nikimwaga. Leo ni siku ya kumi na tisa hasemi nami. Anasema na jirani, anasema na kuku wa jirani, anaijibu redio. Mimi, hapana. Akitaka chumvi anaifuata mwenyewe, akipapasa ukuta.

Sina haki ya kulalamika. Ndovu walikuwa wamemaliza mahindi yake kule Makwasinyi na kuangusha ukuta wa jikoni, naye amelala chumba cha pili, peke yake. Miaka mitatu nilimwomba aje kwangu. Miaka mitatu alikataa. Basi nikamdanganya. Nikamwambia tunakwenda kliniki ya macho, siku mbili tu, halafu anarudi. Kliniki tulienda kweli, akapewa dawa ya matone. Siku ya tatu akaniuliza gari la kurudi ni lini. Nikamwambia hakuna gari. Akasema, "Umeniiba." Ndilo neno la mwisho nililopata.

Wiki ijayo mtihani wa vitendo wa kidato cha nne unaanza, na maabara bado chafu. Nimechoka kabla ya kuanza.

Jumanne, 4 Novemba

Tumba moja la tarumbeta si la kawaida. Kikonyo chake kipana, bapa, kama mshipi. Mengine yote yananing'inia, hili limesimama. Nilidhani ni wadudu. Nimetafuta, sikuona mdudu.

Bureti tatu za maabara zimevunjika. Nimeandika barua ya kuomba nyingine. Hakuna atakayeisoma.

Alhamisi, 6 Novemba

Limefunguka.

Nimelipima kwa rula ya maabara. Urefu, sentimita arobaini na moja. Mdomo, ishirini na nane. Ua la kawaida la mti huu mdomo wake haufiki kumi na tano. Hili ni kama maua matatu yaliyoshonwa pamoja na fundi mlevi: ncha kumi na sita badala ya tano, upande mmoja umejikunja, rangi ya samli. Na linatazama juu. Tarumbeta hazitazami juu.

Sijui kama ni zuri. Ni kubwa.

Mama, na macho yake yale, alilishika. Alipitisha vidole ukingoni pole pole mpaka akarudi alipoanzia. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka ugali ukashika chini.

Ijumaa, 7 Novemba

Watu! Mama Mutua wa upande wa pili wa uzio wa michongoma alilipiga picha kwa simu. "Mwalimu, hii si maua, hii ni maajabu. Wacha niite watu." Mimi si mwalimu. Ninaosha vyombo vya maabara na kubandika majina kwenye chupa. Nimemweleza kwa miaka kumi, sasa nimenyamaza.

Saa kumi walikuwa kumi na mmoja langoni. Mmoja akasema ni baraka, mwingine akasema ni ugonjwa, wa tatu akataka mbegu. Mama alikaa kwenye kigoda chake kando ya ua kama mwenye maonyesho. Akawaambia kwao Makwasinyi ndovu angeshalila, angeshakunywa maji na kwenda kulala. Wakacheka. Nami nikacheka, jikoni, asinione. Nilipotoka na chai akafunga mdomo.

Inaniuma. Naandika hivyo hivyo: inaniuma.

Aliyeniuzia mche alinionya kwamba mti wote ni sumu, ua, jani na mbegu. Nami hunawa mikono kila ninapougusa. Mama sijamwambia. Utamwanzaje mtu anayegeuza uso ukifungua kinywa? Nitamtuma Mama Mutua amwambie.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemfokea Mama.

Aliosha miguu kwa maji ya kunywa. Mtungi wa mwisho. Nikamwambia maji haya yananunuliwa, hayaoti. Ningeishia hapo. Sikuishia hapo. Nikasema ninabeba kila kitu nyumba hii, na yeye ananibebesha na ukimya wake juu. Mzee wa miaka sabini na minane, miguu imelowa, ananisikiliza akitazama sakafu. Akajifuta kwa kanga, akatoka nje.

Saa nane mvua ikanyesha. Ya kwanza msimu huu, nusu saa nzima, kama ya kunicheka. Nilitoa mabeseni, sufuria, ndoo, mpaka kikaango. Lile ua likajaa. Likainama kidogo lakini kikonyo hakikuvunjika. Mama alisimama pale akiyagusa maji yake kwa ncha ya kidole.

Nilipaswa kusema wakati ule. Nilikuwa nabeba beseni.

Kwa Mama Mutua sikwenda.

Jumatatu, 10 Novemba

Mtihani, siku ya kwanza. Nimesimama kwa saa tisa. Miguu si yangu. Mama alikuwa amelala nilipofika, au alijifanya.

Jumanne, 11 Novemba

Hospitali.

Mama Mutua alinipigia saa nane, nikaacha vyombo kwenye sinki. Mama hanijui. Anasema na baba, aliyekufa miaka kumi na mmoja iliyopita. Anafukuza mbuzi kitandani. Mboni za macho zimetanuka mpaka rangi imeisha. Ngozi moto, ulimi mkavu, moyo unakimbia. Daktari akauliza amekula nini. Nikasema sijui. Halafu nikajua, nikamwambia.

Ninabandika SUMU kwenye chupa za serikali. Nyumbani kwangu sikumwambia hata mtu mmoja.

Asife. Asife akiwa amenikasirikia. Sijui ninaomba kipi kati ya hivyo viwili.

Jumatano, 12 Novemba

Bado anaongea peke yake, lakini homa imeshuka.

Mama Mutua amenieleza. Jana mchana alikuwa anaanika nguo. Akamwona Mama na kikombe, anachota maji ya mvua ndani ya lile ua. Anapiga funda, anayapuliza nje, anasema maneno, anapiga funda jingine. Maji yalipokwisha akalikamua ua lenyewe, maana lilikuwa limeshalegea. Mama Mutua ni Mkamba. Alidhani anasukutua. "Nikamwambia pole ya jino, shosho. Akanipungia mkono tu."

Halikuwa jino. Mama alikuwa anatasa.

Kwetu Utaita, kinyongo si mali ya mwenye kinyongo peke yake. Ukikiweka moyoni kinamfuata yule uliyemkasirikia, anaugua, kazi yake inaharibika, hata kama wewe humtakii mabaya. Kwa hiyo unakitoa. Funda la maji, au la mbangara, pombe ya miwa, unalipuliza nje, unatamka amani. Huko ndiko kutasa. Sijaona mtu akitasa tangu nilipokuwa msichana. Mama ni mtu wa kanisa, wa kiti cha mbele. Nilidhani aliacha.

Nimekaa kwenye benchi siku nzima nikijiuliza kwa nini maji ya ua. Mbangara hapa Kaloleni angeipata wapi. Na yale ya mtungi nilikuwa nimemfokea kwa ajili yake. Mabeseni ni yangu pia. Maji yaliyogombaniwa yatatoaje ugomvi? Yale ya kwenye ua hakuna aliyeyanunua wala kuyabeba. Yalitoka mbinguni yakapokelewa. Kwa akili ya Mama, nyumba nzima haikuwa na maji safi kuliko yale.

Na amezeeka. Mtu wa umri wake hapulizi yote. Mengine yanakwenda chini.

Mama Mutua hajui Kidawida, lugha yetu. Katika maneno yote alishika moja tu. Jina langu. Anasema lilitajwa mara nyingi.

Nimelia chooni. Si sana, kulikuwa na foleni.

Alhamisi, 13 Novemba

Alfajiri Mama alimwomba muuguzi maji, akanywa chupa nzima. Anajua yuko Voi. Alinitazama, akanijua, akafumba macho. Daktari anasema atapona, Jumamosi aende nyumbani.

Ndugu yangu Mwakio alipiga kutoka Taveta. Dakika kumi za kelele. Eti nimemwiba Mama, na sasa nimemtilia sumu. Yeye hajakanyaga Makwasinyi tangu ndovu waanze kuingia mashambani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikamwambia njoo umchukue, basi, kesho. Mtandao ukakatika upande wake. Labda ulikatika kweli.

Nilipita nyumbani, nikavaa glavu, nikaukata mti na kung'oa shina. Nimefukia kila kitu, na lile ua likiwa limenywea jeusi. Sikusikia raha wala huzuni. Mgongo unauma.

Naibu mkuu wa shule ametuma ujumbe: pole sana, na je, ufunguo wa stoo ya kemikali uko wapi.

Jumamosi, 15 Novemba

Mama yuko nyumbani. Nimemweka kwenye kiti cha kivulini, mto mgongoni. Alitazama pale palipokuwa na mti, kisha akatazama shimo.

Nilikuwa nachambua mchele pembeni yake. Akaniuliza kwa Kidawida, bila kugeuka: "Nilimaliza?"

Siku ya thelathini na moja, na hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu. Nilijua anauliza habari ya kutasa. Nikasema sijui, sikuwapo, na Mama Mutua hajui lugha. Yeye mwenyewe hakumbuki. Anakumbuka kikombe, basi. Akaweka mkono kifuani, akakaa nao pale muda mrefu, kama mtu anayeangalia kama mtoto ana homa.

"Hasira ipo," akasema. "Imepungua, lakini ipo."

Nikaweka ungo chini. Nikamwambia yote. Kwamba kliniki ilikuwa hila. Kwamba ukuta ule ungemwangukia. Kwamba ningedanganya tena leo, na hata hivyo ninaona aibu. Kwamba nilijua lile ua ni sumu nikanyamaza kwa sababu alininyamazia. Hakusema amenisamehe. Akasema nilete maji.

Niliosha glasi mara mbili. Akapiga funda, akapuliza kwenye vumbi, upande wa Kasigau, mlima wa kwao, akasema maneno yake kwa sauti ya chini. Funda la pili. La tatu. Akajifuta kidevu kwa kanga.

Kisha akanipa glasi. "Na wewe."

Nikasema mimi sina hasira na mtu. Mkono wake haukurudi. Maji yalikuwa yanamwagika kidogo kidogo, ikabidi nipokee.

Funda la kwanza sikujua niseme nini. La pili likatoka na barabara ya Kasigau, miaka mitatu ya kwenda na kurudi. Likafuata la Mwakio. La mitungi. La siku thelathini za kusikia sauti yake ikiongea na kuku. Nilisema mambo ambayo sijawahi kuyaandika hata humu. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, akiitikia kidogo, kama kanisani.

Glasi ikaisha. Nikabaki nayo mkononi, kidevu kinatiririka.

"Hujamaliza," Mama akasema. "Nenda ukaongeze."

Nikaenda.